Mwaka Nilipoitwa Bandama

Asubuhi ile niliamka Tabora nikiwa sina safari. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya gereji ya pikipiki, kazi yangu ilikuwa kuziba pancha, na nilikuwa nimeanza kuwazoea watu wa pale, jambo ambalo kwangu huwa dalili mbaya. Nikanawa uso, nikatia shati moja kwenye mfuko, nikamwambia fundi kwamba natoka kidogo. Hivyo ndivyo nilivyoondoka kila mahali nilipowahi kuishi. Stendi nilimkuta mama mmoja akihangaika kupakia kitanda cha mbao kwenye buti ya basi. Nikamsaidia, na tulipomaliza konda akaniuliza, "Mzee, na wewe unapanda au unashangaa?" Nikapanda. Basi lilikuwa la Mpanda. Kwa miaka mingi nimelala Kigoma, Tunduma, hata ng'ambo ya ziwa, na kila mara nilitafuta njia ya kuuzunguka mji huo. Safari hii nilibaki kwenye kiti changu, na tulipopita Inyonga nilianza kuhisi uzito upande wa kushoto chini ya mbavu, mahali ambapo zamani watu walipanga foleni kunishika.

Nilishukia Majengo, na sikuwa nimetembea hata mitaa miwili nikasikia mtu anaita, "Bandama! We Bandama, hujafa?" Alikuwa Deo, mwanafunzi wa zamani wa chuo cha matabibu, sasa ana kitambi na duka la dawa. Alinivuta ndani, akanipa kiti na soda, akacheka mpaka akapenga. Kisha akanipa habari. Mwalimu Kashindye, aliyetufundisha wote, walimzika Magamba mwaka jana. Nikamwuliza habari za Mama Minza.

"Yule Moyo? Mbona alifariki siku nyingi," alisema. "Binti yake yuko Kasekese, ana vyumba vya wageni pale barabarani. Lakini yule mama alijitakia, Bandama. Alipewa nafasi ya kwenda Dar kupasuliwa moyo, bure kabisa, akakataa. Wasukuma bwana, wabishi wale!"

Nilikunywa soda yangu. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba hakuwa mbishi. Sikumwambia. Ndiyo maana ninaandika kuhusu mwaka ule, nikianza na namna nilivyoingia chuoni bila kuwa mwanafunzi.

Nilifika Mpanda kwa treni nikiwa na homa iliyonifanya niwaone abiria wenzangu wana vichwa viwili viwili. Hospitali walinilaza, wakanitibu, homa ikaisha, lakini bandama ikabaki imevimba kama embe chini ya mbavu, kwa sababu ya malaria za miaka mingi ambazo sikuwahi kuzimaliza na dawa. Asubuhi moja akaja mwalimu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, nyuma yake wanafunzi wanane wa chuo kidogo kilichokuwa nyuma ya hospitali. Akanishika tumbo kwa mkono mwepesi, uso wake ukang'aa. "Wekeni mikono hapa. Mtatembea mkoa mzima msiipate nyingine kama hii." Wakanishika mmoja mmoja. Baada ya wanafunzi kuondoka, Mwalimu Kashindye alirudi peke yake akaketi kitandani kwangu. "Kijana, una kazi?" Sina. "Una haraka?" Sina. "Basi baki hapa na bandama yako mpaka mitihani ipite. Ila usiende kunywa mitishamba ikanywea, utakuwa umeniharibia mtaala."

Hivyo nikawa kifaa cha kufundishia. Malipo yangu yalikuwa chakula cha jiko la wanafunzi na mahali pa kulala katika stoo ya vitabu, na asubuhi nilifagia darasa. Nilitandika maboksi sakafuni kati ya rafu mbili. Stoo ilinuka panya na spiriti, na dirisha lake lilitazama jiko, kwa hiyo niliamka kila siku kwa mazungumzo ya wapishi. "Leo kuna wagonjwa wa mtihani." "Ongeza maji kwenye maharage." "Niliyaongeza tangu jana." "Basi waongezee salamu." Siku za mtihani kulikuwa na wali na nyama. Sisi wagonjwa tuliopapaswa na wanafunzi tulikula kwanza, maana Mwalimu aliamini kwamba mwili uliokopeshwa lazima urudishwe umeshiba.

Niliacha shule darasa la sita, na sikuacha kwa kukosa hamu ya kujua. Niliacha kwa sababu darasa lilikuwa na kuta. Stoo ile nayo ilikuwa na kuta, lakini kuta zenyewe zilikuwa vitabu. Kulikuwa na vya Kiingereza vizito kama matofali, vyenye picha za watu waliochunwa ngozi ambao bado wamesimama wima kama wanasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Na kulikuwa na kimoja cha Kiswahili, chembamba, kilichoandikwa zamani kwa ajili ya wale vijana walioitwa madresa, waliosafisha vidonda na kugawa kwinini katika zahanati za wakoloni. Panya walikuwa wamekula jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakikuwa na jina wala mwaka. Kiswahili chake kilikuwa safi na kikali, kama cha mzee anayeagiza watoto. Kilieleza kwamba moyo ni nyumba ya vyumba vinne yenye milango inayofunguka upande mmoja tu, na kilichora ile nyumba. Nilikisoma mpaka nikakijua. Mwalimu Kashindye mwenyewe alifundishwa kwa kitabu hicho alipokuwa kijana, na baada ya chakula cha mchana alipenda kuja stoo, akakalia boksi, akachokonoa meno na kunihadithia mambo ya uganga wa kale.

Alinihadithia kwamba zamani sana huko Ulaya profesa alikaa kwenye kiti cha juu akisoma kitabu cha mganga wa Kiyunani aliyekufa mamia ya miaka kabla yake, na chini yake kinyozi ndiye aliyepasua maiti kwa kisu. Profesa hakushuka. Alisoma, kinyozi akakata, wanafunzi wakatazama. "Na kama mwili haukufanana na kitabu?" nikauliza. Mwalimu akacheka. "Walisema huyo maiti ndiye aliyekosea." Tulicheka wote wawili. Niliwaona wajinga sana wale watu, mimi niliyekuwa nimekalia maboksi ya vitabu na kitabu kimoja kipo mapajani.

Mama Minza alikuwa mgonjwa wa mtihani mkongwe kuliko wote. Alitoka Kasekese, ambako yeye na mumewe walihamia na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, na alikuwa na ugonjwa wa mlango wa moyo ambao ulisikika vizuri mno kwenye stetoskopu. Wanafunzi walimwita Moyo kama walivyoniita mimi Bandama. Wakati wa mtihani tulilazwa kwenye vitanda vilivyotengwa kwa mashuka, msimamizi anagonga meza, mwanafunzi anaingia akitetemeka. Mimi nilikuwa na utani wangu, nilikuwa najikaza tumbo wakose kitu, mpaka Deo akaninong'oneza, "Legeza bwana, baba yangu kauza ng'ombe kwa ajili ya ada." Mama Minza hakuwa na utani. Akimwona kijana amepotea, anahangaisha kifaa huku na huku, basi yeye mwenyewe anageuka kulalia ubavu wa kushoto, ambako mngurumo wa mlango ule ndipo husikika, na kumwambia taratibu, "Hapa, baba, chini ya ziwa. Usiogope. Tulia usikie." Mwalimu aliyaona hayo yote kutoka mlangoni na kujifanya anafuta miwani. Nadhani nusu ya matabibu waliotawanyika katika zahanati za Katavi walijifunza moyo kwake.

Lakini hakuna aliyemwambia ana nini. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Juu ya kitanda walizungumza Kiingereza, wakabishana, wakataja majina marefu, na mgonjwa akiuliza aliambiwa, "Moyo umechoka kidogo, mama, upumzike." Mwalimu alisema huko ni kumhurumia. Leo sina uhakika kama nina haki ya kumlaumu.

Ilikuwa baada ya mtihani wa katikati ya mwaka. Mama Minza alikuwa anasubiri gari la kurudi Kasekese, jua kali, akaja kupumzika stoo kwangu pamoja na binti yake Minza, mtoto wa darasa la nne, aliyekuwa anamalizia wali wa mama yake kwenye sahani ya bati. Mama aliketi kwenye maboksi yangu akihema kama mtu aliyepanda mlima, ingawa alikuwa amevuka uwanja tu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unalala na hivi vitabu. Wanasemaje juu yangu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimesubiri miezi yote ile mtu aniulize kitu. Nilishusha kile kitabu cha Kiswahili, nikafungua kwenye picha ya nyumba ya vyumba vinne, nikamsomea. Nilisoma vizuri. Nilipanda na kushuka sauti kama msoma habari wa redio. Nilimsomea kwamba ugonjwa huu huanza utotoni kwa homa ya viungo, naye akaitikia, "Ndiyo, magoti yalivimba." Nilimsomea jinsi mlango unavyokuwa mgumu na mwembamba, na kwamba hakuna dawa wala mkono wa mtu uwezao kuufungua. Nilimsomea kwamba mgonjwa kama huyo aendelee kupumzishwa, na kwamba mara chache huota mvi.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo haufunguki."

"Kitabu kinasema haufunguki, mama."

Akafunga upya khanga yake, akampangusa mtoto mdomo. "Wabeja, ng'wanawane," akanishukuru kwa Kisukuma, kama mtu mzima anavyomshukuru mwanawe. "Wote wanazungumza juu ya kichwa changu kama mimi ni ng'ombe mnadani. Wewe umeniambia." Nilimsindikiza mpaka kwenye gari huku nimeinua kifua. Siku ile nilijiona tabibu.

Miezi ikapita. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimefika, na mahali pekee penye mtandao chuoni palikuwa kichuguu nyuma ya jiko. Mchana mmoja wapishi walimwona Mwalimu Kashindye juu ya kichuguu akipiga kelele, "Ndiyo! Ndiyo! Nina mmoja!" Madaktari wa moyo walikuwa wanakuja Dar es Salaam kutoka nje, watafungua milango ya mioyo bila malipo, naye alikuwa amewaandikia. Alishuka akiwa amejaa vumbi mpaka magotini, anacheka peke yake. Kesho yake alikodi pikipiki akaenda Kasekese mwenyewe. Jioni alirudi, akaingia darasani moja kwa moja akiwa na helmeti mkononi. Wanafunzi walikuwa wanajisomea, na mimi nilikuwa nyuma na ufagio.

"Amekataa," alisema. "Anasema mlango haufunguki, kitabu kimesema, na yeye haendi kufia kwa watu Dar wakati ana kwake. Mumewe kanisindikiza mpaka barabarani, kasema niwaache. Nauliza, kitabu gani? Nani kamwambia?"

Deo akasema kwa sauti ya chini, "Labda Biblia," watu wawili wakacheka, Mwalimu akawatazama wakaacha. Nilishika ufagio. Moyo wangu, ambao haukuwa na ugonjwa wowote, ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Niliwaza maboksi yangu, na wali wa siku za mtihani, na zile rafu. Baadaye Mwalimu alinifuata stoo. Alikitoa kile kitabu kwenye rafu bila kukitafuta, akakipapasa pale panya walipokula.

"Hiki ni babu yangu," alisema. "Ninamheshimu. Lakini aliyekiandika hakuwahi hata kuota kwamba mtu atafunguliwa moyo, aamke, aombe uji. Vitabu vya uganga huchacha kama maziwa. Vingine unavinywa kama mtindi, vingine vinakuua." Akanitazama juu ya miwani. "Kuna mtu kamsomea hiki. Unamjua?"

"Labda wanafunzi, Mwalimu," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole. Mpaka leo sijui kama aliniamini au alikuwa ananipa nafasi. Kama ilikuwa nafasi, sikuichukua.

Nilijiambia kwamba nitaenda Kasekese mwenyewe kumwambia yule mama: kitabu ni cha zamani, mlango unafunguka. Nilimaanisha. Siku mbili baadaye nilikwenda stendi asubuhi na mapema. Gari la Kasekese lilikuwepo, tupu, dereva anapiga mswaki. Basi la Sumbawanga lilikuwa limejaa, linaunguruma, na konda anapiga ubavu wake kwa kiganja. Nilisimama katikati. Nilijaribu kuona uso wa Mama Minza nikimwambia, "Nilikusomea uongo," nikaona namna atakavyomwita mumewe, na namna habari itakavyorudi kwa Mwalimu. Nikapanda la Sumbawanga. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo. Watu wengi hudhani mtu mzururaji anapenda barabara. Wakati mwingine barabara ni mahali pa kutokuwepo.

Baada ya hapo nimesoma kila kitabu cha uganga kilichopita mkononi mwangu, na kila mara nimetafuta kwanza ukurasa unaoonyesha kilichapwa lini. Elimu hiyo ilikuja imechelewa, na aliyeigharamia hakuwa mimi.

Kutoka dukani kwa Deo nilitembea mpaka stendi, na safari hii nilipanda la Kasekese. Nyumba ya Minza niliipata kwa kuuliza mara moja. Ni jengo refu la bati jipya, vyumba vitatu vya wageni upande wa barabara, na nyuma uwanja wenye zizi na watoto. Alitoka akifuta mikono kwenye khanga, mwanamke mnene kidogo mwenye sura ile ile ya mama yake, akanikaribisha kama mgeni yeyote. Nilipomwambia niliishi stoo ya vitabu pale chuoni, akaniangalia tumbo kwanza, ndipo akaniangalia usoni.

"Bandama!" akapiga kelele. "Wewe ndiye uliyetusomea! Nyie watoto, njooni mumwamkie babu yenu. Jamani, Mama alikutaja mpaka siku zake za mwisho!"

Watoto waliniamkia. Kuku akakamatwa. Nilipotaja habari ya kulipia chumba, akanikemea kweli kweli. Na utakula na sisi uwanjani, akasema, wewe si mtu wa kuletewa chumbani. Kisha akachukua shuka na chandarua akanipeleka kwenye chumba cha mwisho, na huku akitandika akawa ananisimulia, kwa furaha, kama anavyosimulia mtu aliyempata ndugu.

"Mwezi ule ule uliotusomea, Mama alinitoa shule. Akasema, mimi sina muda, njoo nikuonyeshe nyumba kabla sijaondoka. Kusonga ugali wa watu kumi, kukamua, kulea wadogo zangu, yote nimejifunza kwake. Kila msimu akasema, huu ndio wa mwisho, tusilime shamba kubwa. Nikaolewa, bado yupo. Nikazaa wawili, bado anaaga." Akacheka. "Majirani wakamwita Mama Kwaheri. Alipoondoka kweli hatukuamini, tulidhani ni ile ya kila siku. Lakini tulikuwa tumejiandaa. Wengi hawapati hiyo. Tulipata kwa sababu yako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wangu. Ningeweza kula kuku yule na kuondoka nikiwa ndugu. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kitabu kile kilikuwa cha enzi za mkoloni, kwamba mlango ulikuwa unafunguka, kwamba Mwalimu aliyekuja na pikipiki ndiye aliyekuwa na ukweli, na kwamba aliponiuliza nani amemsomea, nilisema ni wanafunzi.

Minza alikuwa ameinama anachomeka chandarua chini ya godoro. Hakugeuka.

"Wewe ulijua lini?" akauliza.

"Kabla sijaondoka Mpanda."

"Kabla hujaondoka."

"Ndiyo."

"Na Mama alikuwa hapa."

"Alikuwa hapa."

Alimaliza upande ule, akazunguka kitanda, akachomeka na upande wa pili, vizuri, bila kuacha pengo. Alipopita mlangoni nilijibanza kumpisha. "Maji ya kuoga yako kwenye ndoo, nyuma," alisema. "Chakula utaletewa."

Giza lilikuwa linaingia. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikawasikia wanakula uwanjani, vijiko, mtoto mmoja akiuliza babu yuko wapi, na sauti ya Minza ikimjibu kitu ambacho sikukishika. Kisha binti mdogo akaleta sinia, akapiga goti, akaweka sakafuni, akaondoka bila kuniangalia. Ugali ulikuwa wa moto. Juu ya nyama Minza alikuwa ameweka firigisi, ambayo huwekewa mgeni wa heshima, na sikujua kama aliiweka kabla sijamwambia au baada. Niliila, na nikala kila kitu kilichokuwepo, kwa sababu sikuweza kumrudishia mtoto yule sinia yenye chakula aipeleke kwa mama yake.